Keki Hazishuki Ziwani

Sumbawanga, Jumamosi jioni

Levina mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga bibi yako, na mimi nimekaa kwenye kigoda hapa jikoni, karatasi nimeilaza juu ya ubao tunaopambia keki. Mkono ukifa ganzi naweka kalamu chini, naupasha moto kwenye jiko, kisha naendelea. Kwa hiyo ukiona mwandiko unalegea hapa na pale, usifikiri nimesinzia.

Sitakuandikia habari za neti, wala maji ya kuchemsha, wala kufunga mlango mapema. Hayo tumeyasema wiki nzima mpaka umeanza kunijibu "ndiyo mama" kabla sijamaliza. Nataka kukwambia yale ambayo nikikuangalia usoni hayatoki.

La kwanza ni kwamba sitaki uende. Majirani nimewaambia nimefurahi. Bibi yako nimemwambia hivyo hivyo, na wewe nilikwambia mbele ya Mama Zuhura, muuza dagaa wetu, nikakusukuma begani nikasema nenda kajaribu, Kirando kule ziwani si mbali. Nilikuwa nasema uongo, Levina. Tangu uliponunua tiketi silali. Nyumba hii sijui nitaifanya nini bila wewe. Mkono huu sijui nitaufanya nini. Na mavuno yamekwisha, ndoa zinaanza mwezi ujao, watu watakuja kugonga mlango kama wanavyogonga kila mwaka, na nitawaambia nini? Nilikuomba ungoje mpaka msimu upite. Ulinijibu kwa upole kwamba baada ya msimu huu kuna Krismasi, baada ya Krismasi kuna Pasaka na komunyo, na hakuna msimu ambao nitakuwa tayari. Ulisema kweli. Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli.

Sasa ngoja nikueleze nilivyofika hapa, maana wewe unaijua nusu tu.

Keki nilifundishwa na sista mmoja mzee wa jiko la misheni, nilipokuwa nafua mashuka yao. Wewe ulikuwa bado mgongoni. Alinifundisha keki moja. Nyeupe, laini, kremu ya siagi na sukari ya unga, na mawaridi juu yake. Aliniamuru nirudie waridi moja mpaka nilipoota naliminya usingizini. Baba yako alipofariki, ile keki moja ndiyo iliyotulisha. Nilianza kwa sufuria, mchanga moto chini na makaa juu ya mfuniko, na watu wakashangaa kwamba kitu kile kimetoka kwenye sufuria. Kipaimara, jubilei za masista, ndoa za walimu, yote nilioka mimi. Watu wakaanza kusema mkono wa Mama Levina haukosei. Nikaamini.

Kumbe baridi yetu ya Ufipa ilikuwa inanifanyia nusu ya kazi. Kremu ya siagi ukiiacha mezani hapa mwezi wa sita inakaa kama imechongwa. Mimi nikadhani ni ufundi wangu.

Kirando nilikwenda mara moja, na wewe ulikuwepo, ulikuwa darasa la tatu. Nakumbuka ulivaa lile gauni la njano. Familia moja ya wafanyabiashara wa samaki ilikuwa inaoza binti, wakataka keki ya ghorofa tatu kutoka mjini. Nilikubali kabla hawajamaliza kueleza. Nilioka siku mbili. Tulitoka hapa alfajiri na gari la kukodi, mimi nimevaa sweta na kitenge juu yake, keki imesimama imara nyuma ya kiti. Tulipofika Namanyere nilivua sweta. Sikulifikiria jambo hilo. Tulipoanza kuteremka kuelekea ziwani jasho likaanza kunitoka shingoni, nikageuka kuangalia nyuma, nikaona waridi la kwanza limesogea kutoka mahali pake. Nilimwambia dereva asimame. Nikalirudisha kwa kisu. Tukaenda tena kidogo, mawili yakasogea.

Ukumbini paa lilikuwa la bati na hakukuwa na umeme mchana ule. Niliweka beseni za maji pande zote, nikalowesha mashuka nikayatundika, nikakaa napunga kwa sinia kama mtu anayefukuza nyuki. Wewe ulikuwa unapunga upande wa pili kwa daftari. Mshereheshaji akaita keki. Bwana na bibi harusi wakashika kisu pamoja, wapiga picha wakasogea, na kabla kisu hakijagusa kitu ghorofa ya juu ikateleza taratibu, ikapita mbele ya macho ya watu wote, ikaangukia mapajani mwa bibi harusi.

Yule binti alicheka kwanza. Kisha akalia. Mama yake hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinisogelea akaniomba kwa sauti ndogo nilipeleke sinia nyuma ili wageni wasilione. Nikalibeba, nikapita katikati ya viti na kremu inadondoka kwenye viatu vyangu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafuta viatu, hata uliponiuliza tutakula nini.

Kuanzia siku hiyo nikawa na sheria. Mtu akija kutoka Kirando, au Kabwe, au Kasanga, namwambia keki hazishuki ziwani. Nilikuwa nalitamka neno hilo kama mtu anayesoma amri ya serikali. Watu wakalizoea, wakawa wanarudia wao wenyewe. Miaka kumi, Levina, sikuwahi kujiuliza kama tatizo ni ziwa au ni kremu. Nilikuwa nimeogopa tu, na uoga ukikaa ndani miaka mingi watu wanauita uzoefu.

Nakueleza hili kwa sababu kesho unakwenda palepale, na mimi moyoni bado naliona lile sinia. Nikifumba macho naona ni wewe unalibeba. Sijui jinsi ya kuliondoa. Nimesali, halijaondoka.

Baada ya hapo ndipo wakaja wale mabinti wa mjini wenye mashine za umeme na simu zilizojaa picha. Unawakumbuka. Mteja akawa haji tena kuniuliza nina keki gani, anakuja na picha. Nami badala ya kusema hii siijui, nikaanza kuwafuata. Nilinunua ile sukari ya kukanda kama unga wa chapati, nikaikanda mpaka kucha zikauma. Unakumbuka mama aliyetaka keki yenye umbo la mkoba, ya sherehe ya kumuaga mwanawe anayeolewa? Nilikesha nayo. Asubuhi ulipoamka ukaitazama, ukaniuliza kwa adabu kabisa kama ni gunia la mahindi. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini yule mama hakucheka, na dada zake hawakurudi tena, na mimi usiku ule sikucheka.

Na kuna ile Pasaka ya mwisho kabla mkono haujaharibika. Wateja walikuwa wamepungua, nikaogopa, kwa hiyo kila aliyekuja nilimwambia ndiyo. Sikukataa hata mmoja. Nikatoa keki kwenye oveni kabla ya wakati ili nyingine iingie. Kwenye komunyo moja mtoto alikata keki mbele ya wageni na uji ukatoka katikati. Alikuwa amevaa glovu nyeupe. Babu yake alitoa leso mfukoni akamfuta kidole kimoja kimoja, polepole, wala hakuniangalia. Ningeweza kukueleza mengi juu ya kukubali oda kwa sababu ya hofu, lakini nadhani zile glovu zinatosha. Wakati mwingine mteja akiwa amesimama mlangoni kwako na wewe unajua huwezi, zikumbuke.

Kisha mkono. Ulianza kwa vidole viwili kufa ganzi, nikasema ni baridi. Hospitali walisema ni mshipa wa fahamu, wakasema nipumzike, kana kwamba kuna mtu mwingine wa kuminya kremu. Kumbe alikuwepo. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unasubiri matokeo, ukauchukua ule mfuko wa kremu mikononi mwangu bila kuuliza ukamalizia pale nilipokomea. Mawaridi yako yalikuwa tofauti na ya sista. Yalikuwa yamefunguka zaidi, kama yamepata jua. Nikakwambia uyafunge. Ukayafunga.

Miaka miwili umekuwa mkono wangu. Wateja waliposema mkono wa Mama Levina umerudi, nilisema asanteni bila kukutaja. Ulikuwa umesimama palepale na sukari kwenye nyusi. Ukaendelea na kazi. Nilijiambia kwamba hukujali. Mtoto haambii mama yake mambo ya namna hiyo, nami nilikuwa najua hivyo, nikaitumia adabu yako.

Sasa Mama Zuhura. Huyu mwanamke ametuletea dagaa na migebuka tangu ukiwa mdogo, na mwaka jana alipokaa kwenye benchi letu akasema mwanawe anaoa na anataka keki, nilimjibu kama kawaida yangu. Alicheka akasema anajua, lakini amejaribu tu kuuliza. Alikuwa ameshasimama kuondoka. Ndipo ukatoka jikoni ukamwambia, "Mimi nitakuja, mama. Sitaileta keki. Nitakuja kuiokea huko huko."

Sikusema nawe siku tatu. Ulifunga unga na sukari kwenye ndoo ukaondoka, na nilipoliona basi linapinda pale barabarani nilimwomba Mungu anisamehe, kwa sababu kipande kimoja cha moyo wangu kilikuwa kinaomba ishindikane. Nimeandika. Sifuti. Nilitaka ishindikane ili nisiwe mimi peke yangu niliyeshindwa kule.

Habari nilizipata kwa Mama Zuhura, maana wewe ulirudi kimya. Akaniambia keki moja iliungua chini ukaikata ukawatupia kuku. Akaniambia hukupanga ghorofa, uliweka keki tatu kila moja kwenye sinia lake. Kremu hukutia kabisa. Ulipiga ute wa mayai na sukari ya unga na ndimu, ukapaka, ukaacha ikauke mpaka ikawa ngumu kama chokaa ya ukutani, na pembeni ukabandika karanga za kukaanga zilizopondwa. Akasema ilipasuka mahali pawili, na shangazi mmoja akalalamika kwamba haina maua. Lakini ilisimama tangu adhuhuri mpaka watu walipoanza kuondoka, na vipande havikutosha.

Ulipokuja kunionyesha picha, nilivaa miwani, nikaangalia muda mrefu, nikasema hiyo si keki, ni andazi lililovaa shela.

Uliirudisha simu mfukoni. Nilitegemea utalia, au utajibu vibaya ili na mimi nipate la kusema. Ukaniambia, "Mama, siku ile Kirando nilikula nyuma ya ukumbi na watoto wa kule. Walilamba sinia. Keki yako waliipenda, ni ile nguo yake ya kremu tu iliyokuwa ya huku juu." Halafu ukasema, "Siwezi kuoka keki zako maisha yangu yote."

Nimelirudia neno hilo kila siku. Mwanzoni kwa hasira. Baadaye nilianza kuhesabu kitu kingine: kwamba mimi mwenyewe nimeoka keki za sista, halafu nikaoka keki za kwenye simu za watu, na sikumbuki siku hata moja niliyosimama mbele ya meza nikajiuliza mimi nataka kuoka nini. Labda ningejiuliza nisingejua. Lakini wewe uliwatazama watu wa kule, ukatazama joto lao na karanga zao na ndimu zao, ukaanzia hapo. Hilo sikukufundisha. Sijui umelitoa wapi. Ukija kuona wenzako wa mjini wanapata wateja kwa kitu fulani na wewe umekaa bure wiki nzima, utatamani kuwafuata. Mimi nakujua, na ninajijua. Siku hiyo usiogope kukaa bure. Nilichopoteza kwa kuwafuata ni kikubwa kuliko nilichopoteza kwa kukaa bure, maana ukikaa bure angalau mtu akija anakukuta ni wewe.

Mwanangu, sitakudanganya kwamba naona mwisho mzuri. Nimejaribu kuuona tangu mchana na siuoni. Watu wa kule wana pesa ziwa likitoa, na kuna wiki ziwa halitoi kitu, na mtu asiyekuwa na samaki haoi wala haozi. Chumba alichokupa Mama Zuhura kina dirisha moja. Humjui mtu. Na ukishindwa, hapa hakuna pa kurudia kama zamani, kwa sababu bila mkono wako jiko hili litazimika, nami sitakuwa na kitu cha kukupa zaidi ya kitanda chako. Zamani mzazi alikuwa anabaki na moto nyumbani ili mtoto akirudi aukute. Mimi nakutoa nje na moto wenyewe unaondoka na wewe. Hiyo ndiyo inayonikaba.

Nikwambie kilichotokea leo mchana, ulipokuwa sokoni.

Alikuja mama mmoja wa Katandala, mjukuu wake anabatizwa mwezi ujao. Hakuwa na picha. Alitaka keki yenye maua yaliyofunguka, kama aliyoiona kwenye harusi ya mwalimu wakati wa Pasaka. Ile uliyoipamba siku nilipolala na homa, siku ambayo hukuyafunga. Nikamwambia siwezi. Akadhani ni habari ya bei, akaanza kunibembeleza. Nikamwambia si bei, fundi wangu anasafiri kesho. Akaniangalia kama mtu aliyesikia vibaya, akaniuliza fundi gani, si ni wewe Mama Levina?

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza tena, Levina. Nimezoea kunyamaza hapo. Nikasema, "Fundi ni mwanangu. Mimi mkono wangu ulikufa zamani."

Akauliza anakwenda wapi. Nikamwambia Kirando, anakwenda kuoka Kirando. Akashangaa, akasema lakini si huwa mnasema keki hazishuki ziwani? Nikamwambia za kwangu ndizo zilikuwa hazishuki. Nilimsindikiza mpaka kwenye lango, nikarudi humu ndani nikajifungia, nikalia kama siku tuliyomzika baba yako. Sikulia kwa sababu nimejishusha. Nililia kwa sababu nilipolisema lilikuwa rahisi, lilichukua muda mfupi kuliko kufunga lango, na wewe umelisubiri miaka miwili umesimama na sukari usoni.

Nisamehe. Hata kama umeshasamehe, nisamehe tena ukifika.

Wale wa kule watakupenda au hawatakupenda. Wakiicheka keki yako kama nilivyoicheka mimi, kumbuka kwamba aliyeicheka kwanza alikuwa anaiogopa. Na ikipasuka mbele ya watu, usiibebe kuipeleka nyuma. Wakatie. Waache wale.

Nasikia mbwa wa jirani anabweka, nadhani ni wewe unarudi. Nitaikunja barua hii niichomeke kwenye mfuko wa unga, chini kabisa, ili usiione mpaka utakapofungua kazi. Nitakuuliza bibi hajambo, tutakula, tutazungumza habari za kamba ya kufungia ndoo.

Ukiyasoma haya tutakuwa tumeshaagana, lakini nayaandika hata hivyo: kesho pale stendi usinikumbatie muda mrefu. Nakuomba hivyo kwa sababu nikikushika sitakuachia, na watu wataona, na utabaki. Najua utabaki, una moyo huo. Nitakupa mkono wa kushoto, ule unaohisi, na nitakwambia, "Haya, nenda mwanangu," kwa sauti ya kawaida kabisa. Sauti hiyo nimeifanyia mazoezi tangu saa tisa, humu jikoni, peke yangu. Ikikatika katikati, usigeuke. Panda basi.

Mama yako.